Hakuna Mtu Nyumbani

Blauzi nyekundu ya Keneuwe Tsotetsi ilishonwa mwezi wa Pili, na mpaka mwezi wa Nane ilikuwa bado inaning'inia nyuma ya mlango wa chumba chake cha uani, ndani ya mfuko wa plastiki. Mwilini mwake iliingia siku moja tu, siku ya kupimwa. Kola nyeupe ilikuwa tayari. Sketi nyeusi alikuwa nayo tangu msiba wa mama yake. Kilichokosekana ni Alhamisi.

Akina mama wa kanisa lake hukutana Alhamisi saa nane mchana. Siku hiyo hakuoteshwa nabii yeyote. Waliichagua mabibi wa Kizungu wa zamani hapa Bloemfontein na kwingineko, waliokuwa wakiwaruhusu watumishi wao watoke Alhamisi baada ya kuosha vyombo vya chakula cha mchana. Mama zetu wakaiokota ile nusu siku waliyotupiwa, wakaifanya takatifu. Leo hata wauguzi na walimu wakuu huomba ruhusa kazini waifuate Alhamisi ya watumishi. Ila watumishi wenyewe, wengine, hawaipati.

Mwanamke anayetaka blauzi, sare ya akina mama hao, huhudhuria kwanza kwa majaribio, jina lake likiwa kwenye daftari la mama kiongozi. Akimaliza, huvikwa mbele ya wenzake Alhamisi ya mwisho ya mwezi wa Tisa, na kuchomekwa pini kwenye kola. Keneuwe alikuwa na miaka hamsini na miwili. Mama yake alizikwa na blauzi yake. Yeye aliwahi kuanza majaribio mara mbili na mara mbili akaishia njiani: mara ya kwanza tajiri wake alijifungua mapacha, mara ya pili walihamia nyumba mpya yenye vyumba vingi kuliko watu. Hii ilikuwa mara ya tatu. Mama kiongozi, Mama Mosele, alishamwambia bila kuficha kwamba hatamwandika mara ya nne.

"Daftari langu si la kufanyia mazoezi ya mwandiko," alimwambia.

Na mwaka ulianza vizuri. Halafu Januari, katikati ya mwezi, gari likashusha bibi mwenye miaka themanini na minne, kiti cha magurudumu, na kengele ndogo ya shaba.

Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa tajiri wake. Kila mtu alimwita Nkgono, ndiyo kusema bibi. Kiharusi kilikuwa kimemchukua mkono wa kulia na nusu ya kumbukumbu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamke wa blauzi nyekundu tangu ujana wake, na wimbo wa kanisani ulimtoka mzima mzima hata siku ambayo jina la mwanawe halikumtoka. Lakini hakuweza kuachwa peke yake, na aliyepewa kutomwacha peke yake alikuwa Keneuwe, kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu. Alhamisi ikafa wiki ya kwanza. Jumapili ikafuata. Kengele ya shaba ilipolia, Keneuwe aliitika, awe anakula, awe anaoga.

Mwezi wa Tatu alipiga moyo konde akamfuata tajiri wake sebuleni. Mama Refiloe Moiloa alikuwa mkubwa katika kampuni ya bima, mwanamke wa maneno laini, na mumewe alikuwa akifanya kazi Pretoria na kuja nyumbani mwisho wa mwezi.

"Mama, nilikuwa naomba tuzungumze habari ya siku zangu."

"Siku zipi, ausi?"

Ausi ni dada. Katika nchi hii ndilo jina la heshima kwa dada yako mkubwa, na ndilo jina la kila mwanamke anayefua nguo za watu.

"Za kupumzika. Alhamisi mchana, na Jumapili."

Mama Refiloe akaweka simu chini, akamtazama kwa huruma. "Hivi mimi na wewe ni wa kuandikiana ratiba? Umenilelea mapacha mpaka wamefika chuo. Wewe si mfanyakazi hapa, ausi. Wewe ni familia."

"Familia nayo hupumzika, mama."

"Nani kakukataza? Mama akilala, nawe lala."

Nkgono alikuwa akilala kwa muda wa kuchemsha yai. Keneuwe alirudi jikoni akiwa na hasira asiyojua pa kuiweka, maana mtu akikutukana unajua la kujibu, lakini akikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa unabaki unang'aa na kusema asante. Na alisema asante kweli. Hilo ndilo lililomuuma mpaka jioni.

Aliyemwamsha ni Moroesi, rafiki yake wa nyumba ya pili, aliyemfanyia kazi daktari mstaafu wa meno. Walikutana Jumanne, siku ya kutoa mapipa ya taka, kila mmoja na pipa lake.

"Ati wewe ni familia," Moroesi akasema. "Mbona kwenye picha ya harusi ya mdogo wake haupo?"

"Nipo. Mkono wangu unaonekana pembeni, umeshika trei."

Walicheka mpaka mbwa wa mtaa mzima wakabweka. Kisha Moroesi akatoa kikaratasi alichopewa kanisani na watu wa chama cha watumishi wa ndani, kimekunjwa mara nne.

"Soma hapo. Mapumziko ya saa thelathini na sita mfululizo kila wiki, na Jumapili iwe ndani yake, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wewe mmekubaliana?"

"Hakuna tulichokubaliana. Nililetewa tu bibi."

"Basi nenda ofisi ya kazi ukaseme hivyohivyo."

Alikwenda mwezi wa Sita, siku aliyotumwa kuchukua dawa za Nkgono, tajiri mwenyewe akibaki na mama yake. Alijaza fomu. Karani, kijana mpole aliyeitwa Ramabitsa, alimweleza kwamba mkaguzi atafika nyumbani, atazungumza na tajiri, ataangalia mkataba. Itachukua kama miezi mitatu.

"Miezi mitatu?" Keneuwe akauliza. "Dada yangu yuko shamba la viazi, kule Reitz. Anasema huko mkaguzi huingia na viatu vyake vya matope, anatembea mistarini, haulizi mtu."

Hakumwambia kwamba shambani huko, siku moja kabla ya mkaguzi, watu hugawiwa glavu mpya na kuambiwa wazirudishe kesho yake.

"Shamba ni mahali pa kazi, mama," Ramabitsa akasema. "Lakini nyumba ni nyumba ya mtu. Hatuwezi kuingia mpaka mwenyewe akubali, au mahakama iamuru."

Keneuwe alitoka akilitafakari neno hilo. Miaka kumi na tisa alikuwa anadeki mahali ambapo si mahali pa kazi.

Hata hivyo alitoka na matumaini. Moroesi naye akaenda kumwona Mama Mosele, akamweleza kwamba Keneuwe hahudhurii kwa sababu anamuuguza mama wa blauzi, mwenzao, na hiyo nayo ni kazi ya Bwana. Mama Mosele alifikiri siku mbili, kisha akakubali kuzihesabu Alhamisi zote za mwaka huo.

"Lakini siku ya kuvikwa awepo yeye na mwili wake," akasema. "Siwezi kuivika hewa."

Kwa hiyo ikabaki Alhamisi moja tu, ya mwisho wa mwezi wa Tisa. Keneuwe aliingoja na huku akimngoja mkaguzi.

Sasa, katika nyumba ile kulikuwa na sheria ya geti. Ukutani jikoni kulikuwa na simu ya geti, na mtu akibonyeza kengele kule nje, sauti yake ilisikika kama yumo ndani ya ndoo. Mama Refiloe hakupenda wageni wasioitwa. Walikuwapo wahubiri wenye vitabu, wauza mifagio, wasoma mita, na wabaya kuliko wote, ndugu wa kutoka Thaba Nchu waliokuja kuomba karo na kubaki mpaka chakula cha jioni.

"Wewe waambie hakuna mtu," alikuwa ameagiza tangu siku ya kwanza. "Basi. Usianze kueleza."

Na Keneuwe alisema. Mara tano kwa siku, mara nane kwa siku, kwa miaka kumi na tisa, nyumba ya kwanza na hii. Nani? Hakuna mtu nyumbani. Simu chini. Mkono wake ulishajifunza kurudisha simu mahali pake kabla jibu halijafika. Kwa simu yake mwenyewe ya mkononi, sheria ilikuwa nyingine: ikae kwenye droo mchana, isije ikamshtua Nkgono.

Mwezi wa Nane, Jumanne moja asubuhi, Nkgono alikuwa amemwaga uji wake wa mtama kifuani, na Keneuwe alikuwa amemvua nguo nusu na kumfunika taulo, kengele ya geti ikalia.

"Nani?"

"Natoka serikalini. Kuna mtu nyumbani?"

"Hakuna mtu."

"Haya, asante sana, mama."

Alikumbuka ile asante, kwa kuwa watu wa getini huwa hawasemi asante. Akarudi kumfuta Nkgono kifua kabla hajapata baridi.

Mwezi wa Tisa ukaingia na mkaguzi hajaonekana. Wiki ya pili, akiwa ametumwa dawa tena, Keneuwe alipita ofisi ya kazi. Ramabitsa alikuwa dirishani palepale. Akatafuta jina, akaenda nyuma, akarudi na jalada jembamba.

"Jalada lako limefungwa, mama."

"Limefungwaje? Hakuna aliyekuja."

"Tulikuja." Akalifungua, akasoma polepole kwa kidole. "Tarehe kumi na tisa mwezi wa Nane, saa nne na robo asubuhi. Mlalamikaji alipigiwa simu, haikupatikana. Mkaguzi alibonyeza kengele ya geti. Sauti ya mwanamke ilijibu kuwa hakuna mtu nyumbani. Mkaguzi akaondoka."

Keneuwe aliomba asome tena. Akasoma tena.

"Huyo mwanamke ni nani, mama? Unamfahamu?"

"Ni mimi."

Kijana akainua macho. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na ukasema hakuna mtu."

"Nilisema."

"Lakini kwa nini? Alikuwa amekuja kwa ajili yako."

Atamwelezaje? Aseme alisahau? Hakusahau kitu. Aseme alidanganya? Hakudanganya pia, si kwa lugha ya nyumba ile, ambamo mtu ni yule anayekaa kwenye makochi. Yeye alikuwemo, Nkgono alikuwemo, uji ulikuwa umemwagika, na alipoulizwa kama kuna mtu, alipiga hesabu haraka kama siku zote na kujiacha nje. Hakuna aliyemlazimisha asubuhi ile. Mama Refiloe hakuwepo hata mtaani. Alijifungia geti mwenyewe, kwa mdomo wake mwenyewe, na yule mkaguzi akamwambia asante. Angeweza kulia, lakini nyuma yake kulikuwa na foleni, na aliona haya.

"Mazoea," alisema mwisho.

"Pole, mama," Ramabitsa akasema, na ilionekana ni pole ya kweli. "Jaza fomu nyingine. Utaanza upya kwenye mstari. Miezi mitatu."

Alijaza. Aliporudi kwa tajiri wake, mtaani Langenhovenpark, alikuwa amechelewa dakika arobaini, na Mama Refiloe alimuuliza kama foleni ya dawa ilikuwa ndefu. Akajibu ilikuwa ndefu.

Jumanne ya mapipa akamsimulia Moroesi, akitegemea walau kicheko. Moroesi hakucheka.

"Mimi nami husema hivyohivyo," akasema. "Kila siku."

Sheria ilikuwa imeshindwa kupita getini, basi ikabaki kuomba. Keneuwe aliomba kwa adabu zote. Hakutaja Jumapili, hakutaja saa thelathini na sita. Alitaka mchana mmoja wa Alhamisi, saa saba hadi saa kumi na moja, akavikwe blauzi.

"Ausi, hilo nalo ni la kuombea?" Mama Refiloe akasema, akamshika bega. "Mama yangu mwenyewe ni mama wa blauzi. Saa saba kamili nitakuwa hapa nikae naye. Tena nitakuletea keki."

Alhamisi ikafika. Keneuwe aliamka mapema, akamwogesha Nkgono, akapika, akafua, akadeki. Saa sita na nusu alikuwa amevaa sketi nyeusi na viatu vyeusi, na blauzi ikiwa kwenye mfuko wake juu ya meza ya jikoni, maana haivaliwi kabla hujavikwa. Saa saba na robo Moroesi alipita getini, mwekundu na mweupe toka shingoni hadi kiunoni.

"Hajaja?"

"Yuko njiani."

"Nitakushikia kiti. Fanya haraka, wewe."

Saa saba na nusu alipiga simu, haikupokelewa. Saa nane kasorobo ukaja ujumbe: Kikao kimerefuka, ausi. Dakika chache. Saa nane ikapita. Kanisa lilikuwa umbali wa dakika ishirini kwa teksi. Alizunguka meza ya jikoni, akafuta mahali palipokwisha kufutwa. Aliwaza kumchukua Nkgono na kiti chake, lakini hakuna teksi ambayo ingemkubali, na kumwacha bibi wa watu peke yake hakuweza, na alijichukia kidogo kwa kutoweza. Mama Refiloe alilijua hilo. Nyumba yote ilisimama juu ya hilo.

Kengele ya shaba ikalia.

"Ausi," Nkgono akasema, kama alivyosema kila Alhamisi tangu Januari. "Leo ni Alhamisi. Mbona hujavaa?"

Siku nyingine Keneuwe hujibu kwa utani. Leo alileta mfuko, akaitoa blauzi, akaiweka kwenye mapaja ya bibi. Nkgono akaipapasa kwa mkono wake mzima mpaka akafika kwenye kola.

"Hii haina tundu la pini."

"Haina, Nkgono."

"Kwa nini?"

"Namngoja mwanao."

Saa nane na dakika hamsini ujumbe wa Moroesi ukaingia: Wamekuita mara mbili. Mama Mosele kauliza uko wapi, nimesema kazini. Amefunga daftari.

Keneuwe aliusoma akiwa amesimama. Kisha akaikunja blauzi vizuri, mikono nyuma, kola juu, akairudisha kwenye mfuko. Akaenda chumbani kwake, akachukua mkoba mdogo, akatia nguo za kubadili na mswaki. Hakulia. Alikuwa amechoka kupita kiasi, na chini ya uchovu kulikuwa na kitu kigumu ambacho hakikuwepo asubuhi.

Saa tisa na robo kengele ya geti ikalia.

"Nani?"

"Ausi, nifungulie. Rimoti imekufa betri."

"Hakuna mtu nyumbani."

Maneno yalitoka yenyewe, kwa mazoea. Mkono ulikuwa tayari unarudisha simu. Safari hii Keneuwe aliyasikia, akausimamisha mkono, na hakuyarudisha.

"Ausi? Ni mimi, Refiloe."

"Nimekusikia, mama. Hakuna mtu."

"Si wewe unaongea hapo?"

"Ni mimi naongea."

"Sasa unasemaje hakuna mtu? Fungua bwana, nina keki inayeyuka."

"Ndivyo ulivyoniagiza kusema. Mwezi wa Nane nilimjibu hivi mkaguzi wa kazi, akaamini, akaenda zake."

Gari likapita barabarani.

"Mkaguzi gani?"

"Niliyemwita mimi."

Akabonyeza kitufe. Kigeti kidogo kikafunguka kwa mlio wake wa kawaida. Mama Refiloe alimkuta barazani, mkoba begani, mfuko wa plastiki mkononi. Alimtazama viatu, akamtazama uso, na sanduku la keki likawa zito ghafla, akalihamishia mkono mwingine.

"Ausi, nisamehe, kile kikao. Bado utawahi, si ndiyo?"

"Wamemaliza."

"Basi mwaka ujao. Nitazungumza na Mama Mosele mwenyewe."

"Nkgono amekula," Keneuwe akasema. "Dawa ya saa nane amekunywa. Ya saa kumi na mbili iko kwenye kisahani cha bluu. Ugali hauli bila maziwa ya mgando. Usimgeuze kwa mkono wa kulia, unamuuma."

"Unakwenda wapi?"

"Kupumzika. Saa thelathini na sita. Nimezihesabu, zinaisha Jumamosi alfajiri. Asubuhi nitakuwa hapa, kama kazi bado ipo."

Mama Refiloe akafungua mdomo. Neno familia lilikuwa pale, Keneuwe aliliona likija, na labda mwenyewe alilisikia lilivyokaa vibaya, maana hakulitoa.

"Na mama yangu abaki na nani?"

Keneuwe akatazama mlango wa nyumba, kisha akamtazama yeye na sanduku lake la keki.

"Sasa nyumbani kuna mtu," akasema.

Akatoka, akavuta kigeti. Hakuwa amefika kwenye kona kengele ya shaba ikaanza kulia kutoka ndani. Miguu yake ilisita, shingo ikageuka yenyewe. Alisimama hapo barabarani na mfuko wake wa plastiki, akisikiliza. Ikalia tena, ikalia mara ya tatu kwa nguvu zaidi, kisha ikanyamaza. Mtu alikuwa amekwenda kuitika.